Kuhakiki Toleo la Katuni ya Shujaa

Uhakiki wa katuni za mashujaa ni kazi ya kuchukua toleo moja la jarida la katuni, liwe limetoka wiki hii au lilitoka miaka sitini iliyopita, na kulipima kwa hadithi yake, michoro yake, rangi zake na mahali pake katika mfululizo. Hupimwa toleo kwa sababu ndivyo katuni hizi zilivyozaliwa. Superman alijitokeza katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10 za Marekani. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130, na haki za shujaa wao zikawa za mchapishaji. Tangu hapo mashujaa wa aina hii wameishi mwezi hadi mwezi, na kila toleo lina wajibu wake: limridhishe aliyelinunua leo na limfanye atamani lijalo.

Kosa linaloshinda mengine yote katika uhakiki huu ni kusimulia kisa na kuishia hapo. Katuni hutazamwa kabla ya kusomwa, tena ni kazi ya mikono mingi: mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi, mwandika maneno ya viputo, mhariri. Majina yao huchapwa mwanzoni mwa jarida, lakini mgawanyo wa kazi haulingani kila mahali. Kampuni ya Marvel ya miaka ya 1960 haikuwa na desturi ya kumpa mchoraji muswada kamili. Mwandishi Stan Lee alitoa muhtasari, pengine kwa mazungumzo tu. Mchoraji akapanga matukio ukurasa kwa ukurasa. Kisha Lee akarudi kujaza maneno. Kwa hiyo mhakiki anayemsifu Lee kwa mpangilio wa tukio lililochorwa na Jack Kirby au Steve Ditko huenda anampa sifa asiyestahili. Wachoraji wamedhulumiwa vya kutosha na mikataba. Haifai wadhulumiwe tena na wahakiki.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, la Februari 1966. Wakati huo Ditko alikuwa ameshaanza kutajwa jaridani kuwa ndiye anayebuni mkondo wa hadithi. Spider-Man amelaliwa na mtambo mzito wa chuma, maji yanavuja kutoka juu, na mbele yake, pasipofikika kwa mkono, kuna dawa ambayo shangazi yake anaisubiri akiwa mahututi hospitalini. Ukikisimulia, kisa kinaisha kwa sentensi moja: kijana ananyanyua chuma. Ditko amekipa kurasa tano. Mwanzoni mwili umejikunja, kichwa kimeinama, giza la wino limejaa pembeni. Anajaribu, anashindwa, anawakumbuka wazee waliomlea, anajaribu tena. Kadiri chuma kinavyoinuka ndivyo fremu zinavyozidi kupanuka, hadi ukurasa wa tano ambao wote ni mchoro mmoja: mtambo uko juu, mikono imenyooka. Msomaji anauhisi uzito huo kwa ukubwa wa fremu. Maneno ya Lee yanasaidia, ila hata yakifutwa tukio linaeleweka. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kila mhakiki akitumie, kwa katuni mpya na za zamani: funika viputo kwa kidole, uone kama hadithi bado inatembea.

Wakati mwingine mambo hugeuka, herufi zikabeba kisa kizima. Katika toleo la 121 la jarida hilohilo, la Juni 1973, Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, anaangushwa na adui kutoka darajani, naye Spider-Man anamdaka kwa utando wake. Kando ya shingo ya msichana pameandikwa neno dogo la sauti ya kitu kuvunjika. Mwandishi Gerry Conway na mchoraji Gil Kane hawakuongeza maelezo mengine katika fremu hiyo. Neno hilo ndilo lililozua mjadala wa miaka na miaka: ameuawa na adui, au na jitihada ya kumwokoa?

Toleo jipya lina ugumu wake. Aghalabu ni sehemu ya kwanza au ya tatu ya hadithi ambayo bado haijakamilika, na mhakiki hana budi kulipima bila kujua mwisho wake, tena bila kumharibia utamu msomaji ambaye hajalinunua. Swali la haki si kama hadithi ni nzuri, maana bado haijaisha. Swali ni kama kurasa hizi zinatosheleza zenyewe. Hapa kuyajua ya zamani kunafaa sana. Katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, Lee na Ditko walimaliza kisa chote cha mwanzo wa Spider-Man kwa kurasa 11: kuumwa na buibui, nguvu mpya, kiburi, mwizi kuachwa aende zake, kifo cha Mjomba Ben aliyemlea, majuto. Mwaka 2000, Brian Michael Bendis na Mark Bagley walianza kukisimulia kisa hicho upya katika Ultimate Spider-Man, na sehemu yake ya kwanza ikachukua matoleo saba. Katika toleo la kwanza shujaa hajavaa hata vazi lake. Je, walivuta muda? Naona walifanikiwa, kwa sababu nafasi ile waliitumia kumpa Mjomba Ben uhai: anaongea, anatania, anakasirika, na kifo chake kinauma kwa namna ambayo kurasa 11 zisingeweza. Lakini waandishi wengi waliofuata waliiga upole wa mwendo wakaacha sababu yake. Toleo ambalo watu wanaongea jikoni kurasa zote na hakuna kilichobadilika linastahili kuambiwa hivyo waziwazi, hata kama michoro inavutia.

Kwa matoleo ya zamani, jambo la kwanza ni kutaja nakala iliyosomwa. Rangi za zamani zilipangwa kwa karatasi ya bei nafuu iliyonyonya wino. Zikihamishiwa kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, huwa kali kuliko zilivyokusudiwa. Pengine rangi hubadilishwa kabisa: The Killing Joke, hadithi ya Batman ya mwaka 1988, ilitiwa rangi na John Higgins, kwa machungwa na zambarau zinazowaka. Mwaka 2008 mchoraji wake, Brian Bolland, aliitia rangi upya, safari hii baridi na zilizofifia. Maneno ni yaleyale, mistari kwa sehemu kubwa ni ileile, lakini hofu inayokujia si moja. Anayehakiki bila kusema amesoma ipi amemwacha msomaji njia panda.

Jambo la pili ni zama, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana la kwake la kusema. Giant-Size X-Men namba 1, ya mwaka 1975, iliokoa jarida la X-Men, ambalo kwa takribani miaka mitano lilikuwa likichapa marudio tu. Len Wein na Dave Cockrum waliunda kikosi kipya kutoka nchi mbalimbali, na mmoja wao ni Storm, anayepatikana Kenya, akiabudiwa kama mungu na wanakijiji wanaomwomba mvua. Mchoro wa Cockrum una fahari: nywele nyeupe, dhoruba angani, mwili usio na woga. Kwa mwanamke mweusi kupewa nafasi hiyo katika jarida kubwa la Marekani, hiyo ilikuwa hatua ya kweli. Ila Kenya yenyewe haimo. Nchi ilikuwa na uhuru wa takribani miaka 12, na Nairobi ilikuwa tayari makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lakini jaridani kuna nyasi, ukame na watu wa kupiga magoti. Mhakiki makini huyasema yote mawili bila kutumia moja kulifuta jingine. Mwaka uliofuata, katika toleo la 102 la X-Men, Chris Claremont na Cockrum walimpa Storm baba mpiga picha Mmarekani, mama kutoka Kenya, na utoto wa yatima katika mitaa ya Cairo. Sasa alikuwa mtu mwenye historia na hofu zake, hasa hofu ya kufungiwa mahali finyu, na waandishi waliofuata wameitumia hofu hiyo mara nyingi.