Alo, Mulilala Muzuri?

"Alo" si salamu. Ni neno la kujaribu waya. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alipendekeza watu waanze na "hello". Alexander Graham Bell, mwenye simu yake, alipenda "ahoy", wito wa mabaharia. Wote wawili walitafuta kelele ya kuamsha mtu aliye mbali. Sisi wa Masisi na Rutshuru tukaipata kwa Kifaransa cha Wabelgiji, ikawa alo. Salamu yenyewe tulikuwa nayo zamani.

Kule Mudende, juu ya Gisenyi, wazazi wetu walisalimiana kwa Kinyarwanda, "mwaramutse", ni kusema usiku umepita na bado mupo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1997 wauaji waliingia kambini. Wakarudi Desemba. Baada ya hapo nani angesema hilo ni swali la bure? Waliobaki walipelekwa Gihembe, Byumba. Simu ya mkononi haikuwa bado. Mtu alitafuta ndugu zake kwa barua za Msalaba Mwekundu, ama alisikiliza redio kama jina litatajwa.

Mtandao wa MTN ulianza Rwanda mwaka 1998, na baadaye simu za kulipia, zile tuliita tuvugane, zikafika hata kwetu. Mama yangu mdogo alikuwa nayo moja. Dakika ilikuwa pesa, kwa hiyo wateja walimeza salamu: "Alo, ni mimi, baba amegonjwa." Yeye hakupenda. Kama mtu wa Goma alipiga akitafuta jirani, mama mdogo alimsalimia kwanza, mpaka na watoto wake, njo amtume mtoto kuita. Maana jirani alikuja mbio, moyo mkononi. Simu kwetu ilikuwa kifo mpaka ihakikishwe si kifo. Aliposikia huku kunachekwa, alipunguza mwendo.

Kambi ya Gihembe ilifungwa 2021, tukaletwa Mahama. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, na mteja akinipigia naanza vile vile: "Alo, jambo mama, mulilala muzuri?" Wanaongea, halafu wanataja shida.

Sasa ninyi ndugu wa mashirika, simu yenu inaanza: "Alo, namba ya kadi ya familia?" Najua muko na orodha ndefu. Lakini mama aliyelala Mudende Agosti ile, akisikia sauti asiyoijua inataja hesabu ya watu wa nyumba yake, anasikia kitu kingine kabisa.

Mzee mmoja alipigiwa hivyo akiwa kwa meza yangu. Akaiweka simu chini, sauti ikiendelea kuuliza namba. Nikamwambia, "Mzee, wanakungoja." Akasema, "Acha amalize. Akinisalimia, uniite."