Siyo muziki uliochakaa, ni kopi

Wadau, kuna ubishi mmoja hauishi huku Temeke. Kijana anafungulia sabufa dukani kwake pale Tandika mpaka vioo vya jirani vinatikisika. Mzee anapita, anaguna kwamba hizi ni kelele, muziki ulikuwa wa enzi zao. Kijana naye hakubali: mzee, mbona huo wenu unakwaruza kama unatokea ndani ya ndoo?

Kila mmoja ana haki kidogo. Lakini ubishi wenyewe umekaa upande, kwa sababu wanagombania muziki wakati tatizo liko kwenye vyombo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi taarab kwa kampuni ya HMV. Kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulikuwa na umri wa miaka mitatu tu wakati huo. Kabla ya hapo mwimbaji aliimba akiwa ameelekeza mdomo kwenye pembe kubwa. Santuri ya inchi 10 ilibeba dakika kama tatu kila upande. Sasa aliyewahi kukaa ukumbini anajua taarab ya dakika tatu ni kitu gani... hapo hata watunzaji hawajasimama! Kwa hiyo kilichotufikia ni nyimbo zilizokatwa ili zienee kwenye sahani. Kisha zikapigwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono, zenye sindano ya chuma iliyokuwa ikila santuri kila inapopita. Mkwaruzo mwingi unaousikia leo ni wa sindano hiyo. Bi Siti hausiki.

Zama za redio ndizo zinazotuhusu zaidi sisi wa upande huu wa mji. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Nyerere. Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha Matsushita, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilichotoa betri na redio za National. Yaani bendi ilirekodi barabara moja na kiwanda kilichounda redio ya kuisikilizia!

Ila hapo katikati vitu vingi vilipotea. Matangazo ya masafa ya kati hukata sauti nyembamba za juu, kwa hiyo upatu na kayamba zinafifia. Spika ndogo ya redio ya betri nayo haiwezi kusukuma sauti nzito za chini, na besi inapungua mpaka unaihisi tu. Kinachobaki ni katikati: sauti ya mwimbaji, gitaa la solo, tarumbeta. Na hapo sishangai kwamba wazee wanakumbuka mashairi neno kwa neno lakini mpiga besi hawamtaji. Ukiongeza betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi, picha inakamilika.

Je, walifurahi kidogo kuliko sisi? Sidhani. Lakini pia sikubaliani na wanaosema vyombo si kitu. Chukua NUTA Jazz kwenye kopi safi na spika za maana, utasikia magitaa matatu yanajibizana, kila moja na njia yake. Kwenye kopi mbovu yanakuwa uji mmoja. Huwezi kufurahia mazungumzo ambayo huyasikii.

(Mchiriku ni kesi ya peke yake. Jagwa Music walipitisha kinanda cha Casio kwenye spika zilizokwisha kuchoka, na ule mkwaruzo ndio ukawa utamu wenyewe. Ukiusafisha umeuua.)

Kilichotuharibia zaidi, kwa maoni yangu, ni kopi ya kopi. Santuri zetu nyingi zilichapwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa nyimbo nyingi, kanda ya RTD ndiyo iliyobaki kuwa asili. Mitaani watu wakarekodi kutoka redioni kwenda kwenye kaseti, kaseti kwenda kaseti nyingine, na kila hatua ikaongeza mvumo na kupunguza sauti. Baadaye kaseti hiyo iliyochoka ikageuzwa MP3 nyepesi ili ienee kwenye simu. Huyo ndiyo anayesikika kama yuko ndani ya ndoo, na kijana wa Tandika anaamini babu yake alipiga hivyo.

Kanda za asili nazo hazisubiri. Joto na unyevu wa Dar hulegeza ile poda ya sumaku iliyoshika sauti. Mwaka 2012 Tanzania Heritage Project walichangisha fedha ili kanda za RTD zihamishiwe kwenye kompyuta. Mwaka 2007 Wafaransa wa Buda Musique walikuwa tayari wametoa Zanzibara 3, muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960. Ndiyo, kusikia bendi za Dar vizuri ilibidi tuagize Paris.

Mwenye santuri za babu uvunguni azisimamishe wima, mbali na jua, na asizipige kwa sindano kuukuu kabla hajapata mtu wa kuzihamisha. Mara moja, kwa sindano mpya, moja kwa moja kwenye kompyuta.