Uko Iguhu, Kompyuta Iko Umoja: Vile Utaingia Bila Kuwafungulia Wezi Mlango

Umeshuka Iguhu kusalimia shosh, na kabla chai ipoe mteja anapiga. Anataka ile poster leo. Faili iko kwa kompyuta yako, juu ya meza, kwa keja Umoja. Tulia. Kama uliiacha imewaka na ina intaneti, unaweza kuiendesha ukiwa huko Ikolomani. Noma ni vile wasee wengi hufanya hii kitu.

Kuna video zitakuonyesha ufungue mlango namba 3389 kwa rauta. Hiyo ndiyo namba ya Remote Desktop ya Windows, na wezi wa mtandao wanaijua kama namba ya M-Pesa yao. Wako na programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikigonga huo mlango na kujaribu paswadi moja baada ya ingine. Saa zingine paswadi yenyewe haisaidii: Mei 2019 Microsoft ilibidi izibe tundu lililoitwa BlueKeep, ambalo mtu angepitia kuingia Windows 7 na XP bila paswadi yoyote. Na usidhani kubadilisha namba kutakuokoa. Wanagonga zote.

Njia safi ni VPN yako mwenyewe. Si ile ya kuona sinema za Marekani. Hii ni njia ya siri kati ya vifaa vyako pekee. Tailscale, kwa mfano, ni ya bure kwa matumizi binafsi. Iweke kwa kompyuta, iweke kwa simu au laptopu, ingia na akaunti moja. Kompyuta itapewa anwani inayoanza na 100, na hiyo ndiyo utaandika kwa Remote Desktop. Hakuna kitu unafungua kwa rauta, na inashika hata ukitumia bando ya simu.

Lakini hiyo akaunti sasa ndiyo ufunguo wa nyumba. Weka uthibitisho wa hatua mbili, na simu ikiibiwa, itoe kwa orodha ya vifaa haraka. Kutumia kompyuta ya saiba sokoni? Hapana, hujui nani anarekodi unachoandika.

Kama Windows yako ni Home, Remote Desktop haitakubali kuingiwa. Tumia Chrome Remote Desktop, ambayo inataka PIN ya tarakimu sita au zaidi. Tafadhali, si 123456.

Mtu akikupigia eti ni wa benki, anataka uweke AnyDesk "akusaidie", kata simu. Kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya 2018, faini hadi milioni 5 au miaka 3 ndani, lakini pesa yako itakuwa imeenda kitambo.

Kabla upande mat ya Kakamega, zima ile setingi ya kompyuta kulala, iambie ijiwashe stima ikirudi, na uongeze tokeni.