Menyu ya kitufe cha kulia: namna ya kuwatoa wageni wasioitwa

Katika maswali ninayoulizwa sana kuhusu kompyuta za nyumbani, hili halikosi: "Nikibofya kitufe cha kulia cha kipanya, yanatokea maneno chungu nzima ambayo sikuyaweka mimi. Nitayaondoaje?" Wengine wana malalamiko zaidi. Menyu yenyewe huchelewa kufunguka, au folda hujifunga ghafla. Wakienda kwa fundi huambiwa kompyuta imechoka, ipigwe Windows upya. Hulipa, na wakirudi nyumbani hukuta picha za harusi na vyeti vya watoto vilivyoskaniwa havipo tena.

Mara nyingi kazi hiyo haikuhitajika. Mwenye kompyuta anaweza kuisafisha menyu mwenyewe, bure, bila kupoteza faili hata moja. Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11.

Maneno hayo hutoka wapi

Programu yoyote unayoiweka inaweza kujiongezea mstari katika menyu hii. Ya kubana mafaili huweka wake, ya kuchezea muziki wake, ya kukinga virusi wake. Orodha yote imeandikwa katika rejista, ambayo ni kama daftari kubwa ambamo Windows na programu zake huhifadhi mipangilio.

Mistari hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni jina na amri tu: ukibofya, programu fulani inafunguka. Hii haina uzito. Ya pili ni kipande cha programu ambacho Windows hulazimika kukipakia ili kukiuliza kama kina lolote la kuonyesha kuhusu faili uliyobofya. Vipande vya namna hii vikizidi, menyu huchelewa. Kimoja kikiwa na kasoro, kinaweza kuiangusha Explorer, yaani ile programu inayotuonyesha mafolda, na hapo ndipo dirisha hujifunga lenyewe.

Kisha kuna mabaki. Programu nyingine zikiondolewa, mstari wake hubaki. Mgeni kaondoka, viatu vyake vingali mlangoni.

Usidhani hili ni suala la urembo tu. Baadhi ya programu za usafi na za kukinga virusi huweka mstari wa kusaga faili moja kwa moja. Faili iliyosagwa haipitii "Recycle Bin", kwa hiyo huwezi kuirudisha kama ile iliyofutwa kawaida. Katika nyumba ambayo mtoto na nyanya wanatumia kompyuta moja, mstari kama huo haufai kukaa karibu na ule wa kufungua picha.

Kabla ya kugusa lolote

Kwanza, nakili picha na nyaraka zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Pili, tengeneza nukta ya kurejea: andika "Create a restore point" katika sehemu ya kutafutia, fungua, kisha bonyeza "Create". Ikiwa kitufe hicho kimefifia, ulinzi haujawashwa. Chagua diski C, bonyeza "Configure", uwashe. Tatu, tumia akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.

Na kanuni moja ya kushika hadi mwisho: zima, usifute. Kilichozimwa unakiwasha tena kwa dakika moja.

Njia ya kwanza: iambie programu yenyewe

Hii ndiyo njia salama kuliko zote, nayo watu wengi huiruka. Programu nyingi zina mahali pa kutoa tiki ili zitoke kwenye menyu.

Kwa 7-Zip, fungua dirisha lake, nenda "Tools", kisha "Options", kisha ukurasa ulioandikwa "7-Zip". Toa tiki kwenye "Integrate 7-Zip to shell context menu". Kama unaitumia kiasi, iache, lakini chini yake kuna orodha ya mistari. Bakisha miwili mitatu unayoihitaji.

Kwa WinRAR, nenda "Options", "Settings", kisha "Integration". Hapo unaweza kuitoa kabisa, au kuweka tiki kwenye "Cascaded context menus" ili mistari yake yote ijikunje ndani ya mmoja.

Kama programu yenyewe huitumii, iondoe kupitia "Settings", "Apps". Kwa mfano, mstari wa "Edit with Clipchamp" katika Windows 11 huondoka ukiiondoa Clipchamp.

Njia ya pili: ShellExView

Ikiwa programu haina tiki ya kutoa, au imeondoka ikaacha viatu vyake, tumia ShellExView. Ni programu ndogo ya bure iliyoandikwa na Nir Sofer na hupatikana katika tovuti yake ya NirSoft. Ichukue hapo hapo, si kwingineko. Kwa kompyuta ya biti 64, ambazo ndizo nyingi siku hizi, chukua toleo la x64.

Ukiifungua utaona orodha ndefu. Usiogope. Bofya kichwa cha safu ya "Type" ili ipangike, kisha tafuta zilizoandikwa "Context Menu". Zenye rangi ya waridi hazikutengenezwa na Microsoft, na wageni wetu wengi wamo humo. Zisizo na rangi ziache.

Chagua unayoishuku, bonyeza F7 kuizima, kisha uwashe kompyuta upya na ujaribu menyu. Ukiona umekosa kitu unachokihitaji, rudi ubonyeze F8, itawaka tena.

Ikiwa tatizo lako ni uzito au folda kujifunga, zima zote za waridi za aina hiyo kwa pamoja. Shida ikiisha, washa nusu yake na ujaribu. Ikirudi, mkosaji yumo katika nusu hiyo. Endelea kugawa hivyo hadi abaki mmoja. Utampata mapema kuliko kupima mmoja mmoja.

Njia ya tatu: rejista

Hii ni ya mwisho, kwa mistari ya aina ya kwanza ambayo haionekani katika orodha hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, kisha Enter. Fungua tawi la HKEY_CLASSES_ROOT. Ndani yake, alama ya nyota (*) ni ya mafaili yote, Directory ni ya mafolda, Directory\Background ni ya sehemu tupu ndani ya folda, na Drive ni ya diski. Katika kila moja tafuta folda ndogo iitwayo shell.

Tuchukue VLC. Ina mistari miwili kwenye kila folda, wa kucheza na wa kuongeza kwenye orodha. Utaikuta katika Directory\shell kwa majina ya PlayWithVLC na AddToPlaylistVLC. Kwa mwenye folda za mawaidha na qaswida, wa kucheza una faida. Wa pili huenda hajawahi kuugusa. Fanya hivi:

1. Bofya AddToPlaylistVLC, nenda "File", kisha "Export", uhifadhi nakala yake mahali utakapopakumbuka.
2. Upande wa kulia, bofya sehemu tupu kwa kitufe cha kulia, chagua "New", kisha "String Value".
3. Ipe jina LegacyDisable, uiache tupu.

Mstari utatoweka kwenye menyu. Ukitaka urudi, futa hilo neno LegacyDisable tu. Na kama unautaka mara moja moja, badala yake andika Extended. Mstari utajificha, uonekane tu unapobofya huku umeshika Shift.

Windows ikikukatalia kubadilisha kitu, kiache. Usitafute ujanja wa kulazimisha. Vitu vingi vilivyofungwa hivyo ni vya mfumo wenyewe.

Windows 11 na menyu mbili

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilileta menyu fupi. Mistari mingi ya zamani imehamia nyuma ya "Show more options", au ukibonyeza Shift na F10. Kwa hiyo ukizima kitu kwa ShellExView, hakikisha umeangalia huko pia. Na mstari wa menyu fupi usiotoka kwa njia hiyo, tafuta katika mipangilio ya programu yake au uiondoe programu.

"Send to" ndiyo rahisi kuliko zote. Bonyeza Windows na R, andika shell:sendto. Folda itafunguka, njia za mkato usizozitaka zihamishe kwenye folda nyingine.

Jihadhari na dawa zenye sumu

Ukitafuta msaada kwenye intaneti utakutana na programu zinazodai kusafisha rejista yote kwa mbofyo mmoja. Ziepuke. Zinafuta mengi bila kukuonyesha vizuri kilichofutwa, na baadhi yake hujiongezea mstari wao kwenye menyu ile ile unayotaka kuipunguza.

Kinga ni rahisi zaidi. Unapoweka programu mpya, usibonyeze "Next" mfululizo kama anayekimbizwa. Soma kila ukurasa, uchague usanidi wa "Custom" ukiwepo, na utoe tiki panapotajwa "context menu" au "shell".

Na fundi akikuambia dawa ni kupiga Windows upya, muulize kwa adabu maswali mawili: ameshajaribu kuzima nyongeza za menyu, na faili zako amezinakili wapi? Kompyuta ya nyumbani ni amana ya familia nzima. Asiye na jibu la swali la pili, usimwachie.