Shahe fen

Shahe fen (kwa Kikantoni: ho fun) ni tambi pana za mchele, nyeupe na laini, zinazopendwa kusini mwa China, hasa katika jimbo la Guangdong. Jina limetokana na Shahe, mji mdogo wa zamani ambao sasa ni sehemu ya wilaya ya Tianhe jijini Guangzhou.

Utengenezaji

Mchele hulowekwa, kisha husagwa pamoja na maji hadi upatikane uji mwepesi. Uji humiminwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kupikwa kwa mvuke kwa dakika chache, mpaka ugande kuwa utando mwembamba. Utando hupakwa mafuta usishikane, hukunjwa na kukatwa vipande virefu. Tambi mbichi hufaa kuliwa siku hiyohiyo. Zikiwekwa kwenye friji hukakamaa na kukatikakatika, kwa kuwa wanga wa mchele huwa mgumu ukipoa. Zilizokaushwa hudumu zaidi, ila hulowekwa kabla ya kupikwa.

Mapishi

Pishi mashuhuri ni tambi za kukaanga na nyama ya ng'ombe, chipukizi za choroko, majani ya vitunguu na sosi ya soya. Karai huwa la moto mkali, na mpishi hurusha tambi badala ya kuzikoroga ili zisivunjike. Tambi hizi huliwa pia kwa supu.

Wahamiaji wa Kichina walizieneza Kusini-Mashariki mwa Asia. Nchini Malaysia na Singapore hupikwa char kway teow, na nchini Thailand pad see ew.