Vijana wa Chama: Historia Yao na Suala la Tarime

Suala la vijana limejadiliwa mara nyingi katika vikao vya Chama, na karibu kila mara limejadiliwa kama suala la hesabu: kadi ngapi zimetolewa, matawi mangapi yamefunguliwa, ada kiasi gani imekusanywa. Kada anayesoma historia ya jumuiya ya vijana tangu siku za TANU hawezi kuridhika na hesabu hizo. Zilikuwapo nyakati ambapo vijana wenye kadi walikuwa wachache na kazi yao ikawa kubwa. Zilikuwapo nyingine ambapo kadi zilijaa makabatini na tawi lenyewe limekufa. Makala haya yanatafuta sababu, nayo yanaanzia Tarime, kwenye kata ya mjini iitwayo Bomani.

Jina hilo linajieleza. Boma ni ofisi ya mtawala. Wakati wa Mwingereza, wilaya ile ilipoitwa North Mara, bomani ndiko mkulima alikotozwa kodi na kuhukumiwa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuja kama kitu tofauti kabisa na boma. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nguvu zake. Baada ya Uhuru Chama na boma vikakaribiana, kwa sababu ambazo nyingi zilikuwa halali, hata mwananchi wa kawaida akashindwa kuvitofautisha. Historia ya vijana wa Chama, kwa sehemu kubwa, ni historia ya ukaribu huo.

Lakini kabla ya Chama, na kabla ya boma, vijana wa Ukuryani walikuwa na chombo chao. Kila ukoo, uwe wa Wakira, Wanchari, Wairege, Wanyabasi au Warenchoka, ulikuwa na rika zake. Waliotahiriwa msimu mmoja walikuwa rika moja mpaka kufa, wakilinda ng'ombe pamoja, wakilima pamoja, wakijibu pamoja kosa la mmoja wao. Juu yao lilikuwapo iritongo, yaani mkutano wa jamii, na inchama, baraza la siri la wazee (neno ambalo masikioni mwa Mswahili linafanana sana na letu). Tusilipambe jambo hili. Rika hizo hizo ndizo zilizokwenda kuiba ng'ombe kwa ukoo jirani, na wasichana waliingizwa katika rika kwa kukeketwa. Hata hivyo lipo jambo la kujifunza: kijana hakuingia rika ili apate cheti cha kwenda mahali pengine. Rika lilimpa kazi, likamwajibisha mbele ya watu wanaomjua. TANU Youth League iliyofika baadaye ilikuta nafasi hiyo imekwisha kujazwa, na ilipaswa kujiuliza ina kazi gani ya kumpa kijana ambayo rika halikumpa. Swali hilo halikuulizwa kwa uzito.

Wakati wa kupigania Uhuru halikuhitaji kuulizwa. Kazi ilikuwa wazi. Katika Jimbo la Ziwa, ambamo North Mara ilikuwamo, serikali ya kikoloni ilikuwa kali. Katika Usukuma TANU ilipigwa marufuku kuanzia 1954 mpaka 1958. Katika hali kama hiyo Chama kinahitaji miguu: wapeleka habari, walinzi wa mikutano, wakusanya michango, watu wasioogopa kulala mahabusu. Umoja wa Vijana wa TANU, ulioundwa katikati ya miaka ya 1950, ulikuwa miguu hiyo. Hakuna aliyejiunga nao kwa kutafuta cheo, maana cheo hakikuwapo. Palikuwa na hatari tu.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 hatari ikaondoka na swali likarudi. Jibu la kwanza lilikuwa jibu jema. Vijana wa TANU, ambao Katibu Mkuu wao alikuwa Joseph Nyerere, mdogo wake Mwalimu na mwenyeji wa Butiama mkoani Mara, walitoa mwaka 1962 wazo la kuwa na jeshi la vijana la kujenga nchi, na tarehe 10 Julai 1963 Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa. Hapo vijana walijitungia kazi wenyewe. Kisha ukaja uasi wa Tanganyika Rifles wa Januari 1964. Serikali ililivunja jeshi lile la kurithi na kuunda jipya, na vijana wa kuandikishwa ikawatafuta ndani ya Umoja wa Vijana wa TANU. Uamuzi ulikuwa sahihi: jeshi la mamluki wa zamani wa KAR halikuweza kuachiwa kulinda taifa huru. Lakini tuangalie ulichofanya kwa jumuiya yenyewe. Kwa mara ya kwanza kadi ya vijana ikawa tikiti ya ajira. Na kwa Wakurya, ambao Mwingereza aliwaandikisha KAR kwa wingi na ambao walikwisha kuyahesabu majeshi kuwa njia ya kijana maskini kupata mshahara, tikiti hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliamsha ari ya kweli, hilo halina ubishi. Vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoa mbalimbali kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akienda Dar es Salaam kutoka Arusha. Oktoba mwaka huo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU. Ari ya namna hiyo yataka kupewa kazi mara moja. Isipopewa kazi hugeuka kuwa gwaride, na gwaride lisipokuwa na adui humtafuta.

Adui aliyepatikana mwaka 1968 alikuwa sketi fupi. Oktoba mwaka huo vijana wa TANU mjini Dar es Salaam walitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikusudia kufuta sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walivamiwa na makundi ya vijana Kariakoo na kuvuliwa nguo hadharani. Wapo waliotetea jambo hilo kwa jina la utamaduni wa taifa, nao walikuwa na hoja kuhusu kasumba ya kikoloni. Lakini kada ajiulize: msichana wa Tarime, ambaye mwaka huo huo wa 1969 alikuwa akipelekwa kwa ngariba akiwa na miaka kumi na mitatu, Operesheni Vijana ilimwambia nini? Haikumwambia kitu. Jumuiya ilikuwa na nguvu ya kupima urefu wa nguo ya karani wa Dar es Salaam, isiwe na neno juu ya kisu. Huo si utamaduni wa kimapinduzi. Huo ni upolisi, na polisi huchagua mtu dhaifu.

Tawi lililofanya kazi ya fikra wakati huo lilikuwa la Chuo Kikuu. Vijana wa TANU wa mlimani, wakishirikiana na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika ulioanzishwa 1967, walianza kutoa jarida la Cheche mwaka 1969. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa tabaka jipya la wakubwa lililokuwa likikua ndani ya mashirika ya umma na serikali. Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku pamoja na umoja ule wa wanafunzi. Hoja ilikuwa kwamba tawi la vijana wa TANU lilitosha, na kwamba jina la Cheche liliiga la wageni. Tawi likaendelea, likatoa jarida jingine liitwalo MajiMaji. Wanaotetea uamuzi ule husema Chama kimoja hakiwezi kuwa na vinywa viwili. Mimi nasema waliopigwa marufuku walikuwa wanafanya kazi hasa ya jumuiya ya vijana, ambayo ni kuuliza mapema maswali ambayo wakubwa watayauliza kwa kuchelewa. Mwalimu alikwisha kuandika Tujisahihishe mwaka 1962, na ni ajabu kwamba mwongo haukuisha kabla ya wanaosahihisha kunyamazishwa. Vijana wa matawi mengine walijifunza somo, nalo halikuwa somo la ujamaa: anayeuliza hupoteza, anayeshangilia hupanda.

Sasa tufike Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo mkuu wa Mara na kutoa Azimio la Musoma. Sehemu yake inayokumbukwa ni elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Sehemu ambayo imesahauliwa ndiyo iliyowagusa vijana wa Chama. Aliyemaliza sekondari hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Ilimpasa kwanza afanye kazi, kisha aombe nafasi akiwa na ripoti nzuri ya mwajiri wake na ya tawi la TANU. Nia ilikuwa njema kabisa. Msomi asiyewahi kushika jembe ni mzigo kwa taifa, na wanafunzi wa 1966 walioandamana kuipinga JKT ya lazima, wakafukuzwa karibu mia nne, walikuwa wameonyesha jinsi unaizi ulivyokuwa umeota mizizi. Lakini utaratibu una mantiki yake, hauangalii nia. Mara sahihi ya katibu wa tawi ilipokuwa mlango wa Chuo Kikuu, tawi lilijaa watu waliokuja kwa ajili ya sahihi. Katibu akawa bwana mkubwa mdogo. Kijana mwenye maswali magumu alijua la kufanya na maswali yake. Taratibu hizo zililegezwa kwanza kwa wasichana, na katikati ya miaka ya 1980 zikaachwa. Tabia zilizoota chini yake hazikuachwa.

Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na vijana wa pande zote mbili wakaunganishwa katika jumuiya moja. Yalikuwa marekebisho makubwa: jina jipya, katiba mpya, chipukizi wakapangiwa ngazi yao. Kila marekebisho yaliyofuata yalikwenda njia hiyo hiyo, ya kubadili umri wa kuingia, muundo wa vikao, sare na viongozi. Hakuna lililogusa swali la Tarime: kijana huyu tunampa kazi gani?

Na Tarime ilikuwa imebadilika. Vita vya kumtoa Idi Amin, 1978 mpaka 1979, viliwachukua vijana wengi wa Kikurya kama askari na mgambo. Walipigana kwa ushujaa. Waliporudi, silaha nazo zikapata njia ya kurudi, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa bunduki. Hapo palikuwa na kazi iliyohitaji kikosi cha vijana wenye nidhamu na msimamo. Kazi hiyo ilikuja kufanywa na sungusungu, vikundi vilivyoanzia Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambavyo Ukuryani vilisimama juu ya mabega ya iritongo. Yaani watu walirudi kwenye chombo chao cha zamani, kwa kuwa kile cha Chama kilikuwa kinasubiri ugeni wa mkuu wa wilaya.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 deni likaanza kudaiwa. Nchi jirani zilitoa maonyo. Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, vijana wa YK'92 walimwaga fedha kwa ajili ya KANU hata noti ya shilingi 500 ikapewa jina la kiongozi wao. Malawi, vijana wa Young Pioneers waliogeuzwa kuwa jeshi la Chama walinyang'anywa silaha na jeshi la nchi Desemba 1993. Kwetu hatukufika huko, ingawa vikosi vya ulinzi vya vyama vilizua malalamiko mpaka sheria ya 2019 ikavikataza.

Tarime ilitoa hukumu kwa kura. Mgodi wa North Mara ulikuwa umefunguliwa Nyamongo mwaka 2002, na vijana waliozoea kuchimba dhahabu kwa mikono yao wakajikuta nje ya uzio. Mei 2011 wapo waliouawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2005 jimbo lilichukuliwa na CHADEMA kupitia Chacha Wangwe, na alipofariki 2008 uchaguzi mdogo ukalirudisha kwa chama hicho hicho. CCM ililirejesha 2010. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Tarime yakaenda upinzani, Mjini kwa Esther Matiko na Vijijini kwa John Heche, ambaye mwaka 2011 alikuwa amechaguliwa kuongoza baraza la vijana la chama chake. Makada wengi walieleza matokeo hayo kwa ukabila na ukorofi wa Wakurya. Ni maelezo ya uvivu. Kijana wa Nyamongo alikuwa na suala la ardhi, fidia na ajira, akamtafuta wa kumsemea. Aliyepaswa kumsemea alikuwa amefundishwa kwa miaka arobaini kwamba kusema si kazi yake. Ushindi wa CCM wa 2020 katika majimbo hayo haulifuti swali hilo.

Kama jumuiya itarekebishwa kweli, ianzie kwenye tawi, na tawi lianze na kazi iliyo mbele ya macho yake. Iko moja isiyongoja waraka wa makao makuu. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Tarime na Serengeti wasichana bado hukimbia makwao. Tangu 2014 nyumba salama ya Mugumu imekuwa ikiwapokea, na kazi hiyo imebebwa zaidi na watu wa kanisa na wa kujitolea. Msimu huja shule zinapofungwa, Desemba. Vijana wa Chama walio wa koo zile zile na rika zile zile wanajua kabla ya Oktoba ni nyumba zipi zinaandaa sherehe, na ni wavulana gani wameapa kutooa msichana asiyekeketwa. Hao wavulana ndio wa kuanza nao, kabla ya ngariba na kabla ya wazee wa inchama.