Kondoo nyekundu wa Wamasai, na dume moja ya Buluo



Hapa Buluo kuko jirani yangu mmoja, mzee wa rika ya baba, mwenye kondoo kumi na mmoja. Ni ile kondoo yetu ya siku zote: mdogo, miguu membamba, manyoya mafupi. Juzi akaniita: "Mwanangu, weye ulisoma mambo ya shamba. Nataka kuuza hii dume, nitafute Dorper kwa wafanyabiashara wa Kasumbalesa. Unasema nini?" Kidogo tu nimujibu ndiyo palepale. Dorper ni mnyama wa kweli, anakua haraka, nyama mingi. Lakini nikakumbuka yale yaliyopita Kenya.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970, kondoo nyekundu wa Wamasai alikuwa kila fasi katika nchi ya wafugaji wa Kenya. Kisha ukaja mpango wa kueneza Dorper kwa bei iliyopunguzwa. Huyu Dorper alitengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930, kwa kupandisha Dorset Horn ya Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi anayeitwa "Persian". Jina linadanganya: hakutoka Uajemi, asili yake ni Somalia. Njo kusema nusu ya huyu "mzungu" ni mwana wa Afrika ya Mashariki!

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Chotara wa kwanza, mama mwekundu na baba Dorper, alipendeza kila mtu. Lakini wafugaji hawakufundishwa namna ya kuendelea. Ili upate chotara wa kwanza kila mwaka, lazima uchunge fasi moja majike safi wa zamani na dume yao. Wao walipandisha chotara kwa Dorper, na mtoto wake tena kwa Dorper. Hakuna aliyechinja kondoo nyekundu ili amumalize. Aliisha kwa njia ya madume.

Na kwa fasi mingi, ile damu mpya ilishindwa. Juu ya nini? Minyoo. Kuko mmoja anaitwa Haemonchus contortus, anakaa tumboni mwa kondoo na kunyonya damu. Jike moja anataga maelfu ya mayai kila siku, na watoto wake wanapenda majani yenye unyevu. Kondoo nyekundu anavumilia huyu adui kupita Dorper. Lakini hiyo nguvu haionekani sokoni. Mnunuzi anapima mgongo kwa mkono, hapimi damu.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliweka aina zote mbili pamoja kule Diani, pwani ya Kenya, kwenye unyevu mingi. Wana-kondoo wa Dorper walikufa zaidi, na kundi la wekundu likazaa faida mara kadhaa kupita lingine. Kule Kapiti, kwenye ukame, tofauti ile haikuonekana. Kwa hiyo Dorper hana kosa. Shida ni fasi unamupeleka. Kinachoniuma ni hiki: mwaka 1992 watafiti walipotafuta kondoo nyekundu safi, walipata shida kubwa. Wakakusanya kundi dogo, na baadaye wakagundua kwamba hata lile lilikuwa limeshaingiliwa na damu ya Dorper. Miaka kumi na mitano hivi ilitosha.

Na kwetu? Wakati Likasi ilikuwa bado Jadotville, kampuni kubwa za mifugo kama Elakat zilijali zaidi ng'ombe. Kondoo wa kijiji alichaguliwa na nani? Na minyoo, na njaa, na mvua. Hapa mvua inapita milimita elfu moja kwa mwaka, karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne. Tunafanana na Diani kuliko Kapiti.

Nilimuambia mzee hivyo. Akacheka: "Kwa hiyo nibaki masikini na kondoo wadogo?" Ana haki, watoto wake wanalipa minervali. Tumepatana hivi: akipata Dorper, atapandisha majike wanne tu, na dume ya zamani haitauzwa. Mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, tutafungua kope za macho ya kila mwana-kondoo, tuone nani ana wekundu na nani amekuwa mweupe.

Mnunuzi wa ile dume amerudi mara mbili. Mpaka leo asubuhi ilikuwa bado imefungwa kwenye mwembe.